Mwaka Walioniita Marehemu

Nimelala katika vyumba vingi vya wageni, kwa sababu kazi yangu na miguu yangu haviniruhusu kukaa mahali pamoja. Isangi, Yanonge, Bafwasende, na vijiji ambavyo pikipiki hufika tu mvua ikipenda. Kila ninapoingia chumba kigeni na kukuta umeme haupo, mkono wangu huenda wenyewe ukutani na kuminya swichi, kisha nalala chini ya taa isiyowaka. Haiwaki, lakini imewashwa. Watu wa kwingine huniuliza ninafanya nini. Mtu wa Kisangani haulizi.

Kwetu, umeme ukikatika hakuna anayezima taa. Ukikatika mchana, ukikatika jioni, ukikatika wiki mbili, swichi inabaki vile vile ulivyoiacha, ili siku umeme utakaporudi taa itoe habari. Swichi iliyozimwa ni mlango uliofungwa usoni mwa mgeni: umeme ungeweza kuja, ukazunguka mtaa mzima, ukarudi ulikotoka, nawe umekaa gizani bila kujua. Mji ulinilea hivyo tangu nilipohamia, na wenzangu wote walilelewa hivyo. Ndiyo maana kosa nililofanya katika mwaka wangu wa sita wa sekondari lingeweza kufanywa na mtu wa mji wetu tu.

Nilikuwa na miaka kama saba nilipouona mji huo kwa mara ya kwanza. Tulipanda mto kutoka Yanonge, mama na mimi, katika boti ya mbao yenye injini, tumekaa juu ya vikapu vya samaki wa moshi ambao mama aliwapeleka sokoni. Injini ilizimika mara mbili njiani, tukafika jua limekwisha kuzama. Sikuona mji. Niliona ukingo mweusi, moto wa majiko hapa na pale, na nikasikia watu wakiongea polepole kama wanaoota. Halafu, kwa pumzi moja, ukingo wote ukawaka. Taa ziliruka kutoka nyumba hadi nyumba, zikashuka majini, zikaanza kutetemeka chini ya boti yetu, na kutoka kila mtaa ikapanda sauti ya watoto na watu wazima pamoja, kwa Lingala: “Eyei! Eyei!” Amekuja, amekuja.

“Mama, nani amekuja?”

“Courant.”

“Anatokaka wapi?”

“Kule juu, kwenye maji inaangukaka.”

Nilidhani ni mtu. Kwa muda mrefu, labda miaka miwili, nilimwazia mtu mrefu mweupe anayeishi penye maporomoko, ambaye akiamua kuteremka mjini hata wazee hupiga kelele kama watoto. Nilipoelezwa kwamba courant ni umeme tu, sikumwacha kabisa. Nilitaka kuwa miongoni mwa wale wanaoijua njia anayopita.

Nilipofikia umri wa sekondari mama alinipeleka kwa tonton, mdogo wake wa kiume, aliyekuwa karani wa serikali na alikaa mtaa wa Tshopo. Jumapili moja baada ya kanisa tonton alinipeleka kwenye maporomoko. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yakianguka bila kuchoka, na ukungu wake ulitulowesha nywele. Chini kulikuwa na nyumba kubwa ya mashine ambayo haikuonyesha mtu wala mwendo wowote, ilivuma tu. Nilivua kandambili, nikasimama juu ya saruji, na mvumo ule ukapanda kutoka nyayo hadi kwenye meno.

“Tonton, miye nitafanya kazi humu.”

“Utafagia?”

“Nitawasha.”

Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. “Mademoiselle Courant,” akasema, yaani Bi Umeme, na jina hilo likatangulia kufika nyumbani kabla yetu.

Nikaingia shule ya ufundi, tawi la umeme. Darasani nilikuwa msichana peke yangu. Vita vilikula miaka miwili ya masomo yetu. Tuliporudi, madawati yalikuwa yamegeuka kuni, na wavulana niliowaacha na sauti nyembamba walikuwa na ndevu. Mwaka wa nne niliurudia kwa sababu ya malaria iliyonilaza wakati wa mitihani. Hayo yote niliyavuka kama mtu anavyovuka madimbwi ya barabara yetu, suruali imekunjwa, macho mbele. Lakini kuna moja lililokaribia kunirudisha Yanonge moja kwa moja.

Mwalimu wetu wa karakana, ambaye tulimwita Prof, alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Ukutani karibu na mlango wa karakana palikuwa na kishikio cha chuma. Kikiwa juu, umeme unapita mpaka kwenye meza zetu. Kikiwa chini, umekatwa. Kila somo Prof alilifungua kwa maneno yale yale: “Kishikio chini, pima, ndipo uguse.” Nasi tuliitikia kwa pamoja kama tuko misani: “Ndiyo, Prof.” Kisha kila mmoja akaendelea na kazi yake, na kishikio kikabaki juu.

Si utukutu. Mtaa wa shule yetu ulipata umeme usiku, na wiki nyingine haukupata kabisa. Tulijifunza ufundi wetu wote juu ya nyaya zilizokufa. Tulizishika kwa vidole vitupu, tulizimenya kwa meno. Na juu ya meza ya Prof ilining'inia taa moja. Ikiwa umeme ungerudi mchana, taa ile ndiyo ingetuambia. Ungekishushaje kishikio, halafu taa itoe habari gani? Prof mwenyewe, akishamaliza kusema “kishikio chini,” hakukishusha.

Mtihani wa serikali kwetu una sehemu ya vitendo. Watu wanatoka nje ya shule, wanakaa mezani, wanakuangalia ukifanya kazi. Usipopita hapo, diploma hakuna. Na mwanamume anaweza kufunga nyaya za watu bila diploma, kwa kuwa anaitwa fundi tangu siku anapobeba koleo, lakini msichana bila karatasi ile nani angemfungulia mlango? Nililijua hilo. Mama naye alilijua kwa namna yake. Alipanda mto wiki ya mtihani akiwa amebeba kopo la poda ya watoto, jipya, limefungwa kwa kitambaa katikati ya samaki. Kwetu anayefaulu hupakwa poda kichwani na usoni, na ndugu, na majirani, na hata wapita njia, mpaka anafanana na mtu aliyeangukia pipa la unga.

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mkuu wao alikuwa mtu mnene aliyejifuta jasho kwa leso iliyokunjwa vizuri. Kazi yangu ilikuwa kufunga juu ya ubao taa moja inayowashwa na kuzimwa kutoka pande mbili, kama katika ukumbi mrefu. Umeme haukuwepo tangu alfajiri. Nilianza. Mikono yangu ilijua kila kitu. Nilikuwa nimeiona siku hiyo mara nyingi usingizini hata nikahisi kwamba bado ninaiota, kwamba bisibisi inazunguka yenyewe na mimi naitazama kwa mbali, kutoka kwenye boti ya mama. Nilibakiwa na skrubu moja. Nikaona taa ya meza ya Prof ikiwaka.

Nililiona hilo, na sikuona kitu kingine. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, kiganja kinanuka kama manyoya ya kuku aliyebabuliwa. Bisibisi ilikuwa chini ya dirisha. Ubao ulikuwa mweusi. Waliniambia baadaye kwamba mtaani watu walikuwa wakishangilia kama kawaida, “Eyei! Eyei!”, lakini mimi sikuwasikia.

Mkuu wa jopo aliagiza maji, akanimwagia mkono mwenyewe. Ndipo akauliza:

“Kishikio kilikuwa wapi?”

“Juu, papa.”

“Juu, kwa nini?”

“Courant haikukuwa.”

“Haikukuwa.” Alikunja leso yake. “Bon. Mademoiselle, weye umekufa. Mutu mwenye amekufa, hatumupe pointi.”

Kesho yake shule nzima ilikuwa na habari. Jina la Mademoiselle Courant lilisahauliwa mara moja.

“Marehemu, umeamuka?”

“Marehemu, kule mbinguni courant iko?”

“Mupisheni marehemu apite, musimuguse, atawapiga!”

Hata muuza kwanga, ule mkate wa muhogo, pembeni mwa shule, mama mpole aliyekuwa akiniongezea kipande, alinipa chakula changu akisema, “Shika, marehemu,” kisha akaona haya na kuniongezea kipande kingine. Nilicheka pamoja nao. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Siku redio iliposoma namba za waliofaulu, tulikuwa uani kwa tonton, sote kimya kuzunguka meza. Namba iliyo mbele ya yangu ikasomwa. Namba iliyo nyuma ya yangu ikasomwa. Nyumba ya tatu wakaanza kupiga sufuria, na baada ya kitambo kijana mmoja wa darasa letu akapita barabarani mweupe kutoka kichwani mpaka kifuani, amebebwa mabegani, poda ikibaki nyuma yake hewani kama ukungu wa maporomoko. Mama alikuwa ameshika kopo mapajani. Alilifunga tena katika kitambaa, akalirudisha kwenye kikapu cha samaki.

Tonton aliongea, kwa kuwa ni lazima mtu aongee. “Courant yenyewe imekukatala, mutoto wangu. Si batu, si batoto ya shule. Courant yenyewe. Rudi Yanonge, jifunze kushona.”

Nikashuka mto na mama.

Miezi ile ilipita kama mtu anavyoelea chali juu ya maji. Yanonge wakati ule haikuwa na waya hata mmoja. Hakukuwa na taa ya kuacha imewashwa, hakukuwa na cha kungoja. Asubuhi ukungu uliziba mto mpaka ng'ambo ikawa hadithi. Mchana nilikaa penye vichanja vya samaki nikipunguza na kuongeza kuni, moshi ukiniingia nguoni. Jioni niliangalia upande wa juu wa mto, ambako wakati mwingine, au pengine nilijidanganya, anga lilikuwa na weupe kidogo. Nilijiuliza kama saa ile umeme upo. Nilijiuliza kama taa ya meza ya Prof inawaka na nani anaiangalia. Nimetembea sana tangu hapo, lakini kutotulia kwangu kulianzia pale, pembeni ya vichanja, nikiwa nimekaa.

Asubuhi moja mama alinichukua tukatoe nyavu. Alipiga kasia nyuma, mimi nikavuta mbele. Katikati ya samaki wadogo alikuwamo mmoja mnene, wa kijivu kinachoelekea waridi, hana magamba, macho madogo kama mbegu. Kila mtu wa mtoni anamjua: ni samaki mwenye umeme mwilini, ambaye sisi tunamwita nina. Ukimshika akiwa hai, mkono unaruka mpaka begani. Huyu alikuwa amelala chini ya mtumbwi, mdomo wazi, hatikisiki. Nikanyoosha mkono nimweke kando.

Mama alinipiga kofi la mkononi kabla sijafika.

“Unafanya nini?”

“Mama, amekufa.”

“Nani alikuambia?”

“Hachezi.”

“Hachezi, njo amekufa? Weye umekuwa muzungu?” Akageuza kasia, akagonga ubavu wa mtumbwi mara mbili kwa mpini, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Akangoja. Kisha akachukua kijiti kikavu na kumsukuma yule samaki taratibu mpaka pembeni. “Tangu miye mutoto sijagusa nina na mukono. Hata yenye imekauka juu ya moto. Unabisha, unangoja, unamusukuma na muti. Kila mara. Kama iko muzima, unabisha. Kama iko kufa, njo unabisha zaidi, sababu ile ya kufa njo inauaka batu.”

Nilikaa nikiangalia kiganja changu, mahali ambapo ngozi mpya ilikuwa bado nyororo. Mama hakuwahi kuniuliza nini hasa kilitokea siku ile. Alijua courant ilinipiga nikaanguka mtihani, basi. Nikamsimulia. Kishikio, taa ya Prof, nyaya zilizokufa miaka yote ile. Aliacha kupiga kasia, mtumbwi ukaanza kugeuka wenyewe polepole.

“Kumbe courant iko nina,” akasema mwishowe. “Na weye, mutoto ya Yanonge, ukagusa bila kubisha?”

Aibu niliyoipata mbele ya jopo haikufikia ile. Pale nilikuwa mwanafunzi aliyekosea. Hapa nilikuwa mtoto wa wavuvi aliyesahau jambo ambalo mtoto wa miaka mitano analijua.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama alipanga samaki vikapuni, akaniambia nifunge nguo zangu. Tulifika kwa tonton siku ya mvua. Alikuwa kibarazani anakula lituma, ndizi za kupondwa, na alituona tukiwa bado mbali, akaacha kutafuna.

“Yaya, hapana,” akamwambia dada yake hata kabla hatujakaa.

“Bado sijasema.”

“Nimeona macho.”

Mama alijikamua maji kwenye kitenge. “Weye, ulikunywa maji ya mto mara ngapi mbele ya kujua kuogelea? Nani alikuwa anakutosha mu maji? Si miye?”

“Yaya, ile iko maji. Hii iko courant.”

“Njo moja. Inatokaka kwenye maji.”

Tonton aliisukuma sahani ya lituma mbele ya mama. “Mwaka moja,” akasema. “Moja tu. Na asikuye kufa tena huku kwangu.”

Siku ya kwanza karakanani, wakati wenzangu wapya wakiitikia “Ndiyo, Prof,” nilitoka mahali pangu, nikaenda mlangoni, nikakishusha kishikio. Kilikuwa kigumu kwa kutu, kililia. Darasa zima likaguna.

“Marehemu, sasa tutajua namna gani courant ikikuya?”

“Tutasikia mtaa.”

“Na kama mtaa iko usingizi?”

Prof aliniangalia, kisha akaangalia kidole gumba chake, akaendelea na somo. Kesho yake nilipofika nikakuta kishikio kiko chini, kimepakwa mafuta.

Lakini mkono una ukaidi wake. Niligundua kwamba nikiwa shuleni nakumbuka na nikiwa nyumbani nasahau, na anayesahau nyumbani siku moja atasahau mbele ya jopo. Nikaamua kwamba mpaka mtihani upite nitazima kila mahali. Nikaanza kuzunguka nyumba ya tonton nikizima swichi zote umeme unapokatika, naye hakujua. Jioni ya tatu tulikuwa tumekaa gizani na kibatari, tonton akisimulia mambo ya ofisini, tukasikia mtaa unalipuka: “Eyei! Eyei!” Nyumba ya kulia ikawaka. Ya kushoto ikawaka. Ng'ambo ya barabara redio ikaanza kuimba. Sisi, giza. Tonton alisimama, akaenda mlangoni, akaangalia majirani, akaangalia dari yetu.

“Wametukata?” akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa. “Sisi tu?”

Nikainuka, nikagonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole, nikawasha. Tonton alisimama chini ya taa, mdomo wazi.

“Mutaa muzima inasikiliza habari,” akasema, “sisi tunakaa kaburini sababu ya marehemu!”

Hata hivyo hakunikataza. Baada ya hapo umeme ulipokuja aliniita kwa kelele kutoka popote alipokuwa, “Marehemu! Bisha hodi!”, nami nikaja mbio, na nyumba yetu ikawa daima ya mwisho kuwaka katika mtaa wote. Nilizoea dakika ile. Nilianza hata kuipenda: kukaa gizani huku mji mzima ukiwa na mwanga, nawe unajua kwamba yule mgeni yuko mlangoni, amesimama, anangoja wewe useme karibu.

Mwaka ukazunguka. Mama akapanda tena mto na kikapu chake, na sikuuliza kama kopo limo.

Jopo lilikuwa na mkuu yule yule, leso ile ile. Kazi ilikuwa ya nyumba ndogo: taa mbili, kila moja na swichi yake, na tundu la kuchomekea, vyote juu ya ubao. Umeme haukuwepo, kama kawaida. Nilikwenda mlangoni, nikashusha kishikio. Nikapima kwa bisibisi yenye taa ndogo. Kisha, kabla ya kugusa waya wa kwanza, nikagonga ubao mara mbili kwa mpini.

“Unabisha kwa nani?” akauliza mkuu.

“Kwa nina, papa.”

Mmoja wa wale wawili, mtu wa Isangi kwa usemi wake, wa mtoni kama mimi, aliinama haraka kuangalia karatasi zake. Mkuu hakucheka wala hakuandika. Nikaanza.

Nilikuwa nimefika karibu na nusu ya kazi ndipo nilipoisikia. Ilianzia mbali, upande wa maporomoko, nyembamba kama mbu, ikachukuliwa na mtaa uliofuata, ikanenepa, ikavuka barabara, ikapita juu ya paa letu: “Eyei! Eyei!” Kwa mara ya pili maishani mwangu umeme ulinijia nikiwa na waya mkononi. Taa ya meza ya Prof ilibaki nyeusi. Waya vidoleni mwangu ulibaki waya. Niliona macho yote yakipanda kwenye ile taa, yakashuka kwangu.

“Courant iko mutaani,” akasema mkuu. “Kwako iko wapi?”

“Iko ku mulango, papa. Inangoja.”

Sasa, mtu wa kwetu anajua jambo jingine: umeme ukija, harakisha. Chaji, piga pasi, saga unga, kwa sababu unaweza kukaa saa tano na unaweza kukaa dakika tano. Nilikuwa bado na taa moja na tundu. Kama ungeondoka kabla sijamaliza, ningekuwa na ubao usiothibitishwa, na taa isiyowaka mbele ya watu wanaotaka kuona mwanga. Mwaka moja tu, tonton alisema. Vidole vyangu vilitaka kukimbia. Nikaendelea kwa mwendo ule ule wa mama anapopanga samaki kwenye kichanja, mmoja, halafu mwingine, bila wawili kugusana. Nilikaza kila skrubu na kuuvuta waya wake kuona kama umeshika. Nje redio ziliimba. Mtu wa Isangi alianza kutikisa mguu. Prof alisimama dirishani ametugeuzia mgongo, na nikaona kwamba ameshika mikono yake nyuma kwa nguvu sana.

Nilipomaliza nikasema, “Papa, tafadhali, mikono mbali na ubao.” Wakatoa mikono, hata mkuu. Nikaenda mlangoni. Nikagonga ukuta mara mbili. Nikapandisha kishikio.

Taa ya Prof ikawaka, hafifu, ya njano. Nikarudi mezani, nikaminya swichi ya kwanza, ya pili. Zikawaka zote mbili. Nikazima. Nikawasha tena, na nilipoinua kichwa niliona mkuu wa jopo akizitazama taa zile mbili ndogo kwa uso wa mtu aliye kwenye boti, anayekaribia mji.

“Weye njo marehemu wa mwaka jana?”

“Ni miye, papa.”

Aliandika kwa muda mrefu. “Alors,” akasema bila kuinua macho, “baki muzima.”

Umeme ukakatika kabla mwenzangu aliyefuata hajafungua ubao wake.

Namba yangu ilisomwa redioni asubuhi ya mawingu. Tonton alipiga yowe lililomwangusha jogoo ukutani. Mama alifungua kitambaa, akatoa kopo. Mwaka mzima katikati ya moshi na unyevu, poda ilikuwa imeshikamana kama jiwe. Akaipondaponda kwa mpini wa mwiko, akanimwagia kichwani yote, hakubakiza hata ya kumpaka jirani. Ilinuka samaki. Nilipita mtaani mweupe, nanuka kama kichanja cha Yanonge, na watoto wakanifuata wakiimba, “Marehemu amefufuka!” Jioni nilienda peke yangu mpaka kwenye maporomoko, nikavua kandambili, nikasimama pale pale.

Katika ile nyumba inayovuma sikupata kazi. Niliomba, nikaomba tena, kisha nikabeba koleo langu na diploma ndani ya mfuko wa plastiki, nikaanza na nyumba moja Mangobo, halafu ng'ambo Lubunga, halafu barabara ya Bafwasende, na tangu hapo sijajua kusimama. Siku hizi nafunga zaidi paneli za jua, kwa sababu huko ninakokwenda waya wa maporomoko haujafika. Nimewasha vijiji ambavyo watu walisimama nje ya mlango wakiogopa kuingia.

Nyumba ya mama niliifunga paneli miaka michache iliyopita. Taa tatu: sebuleni, jikoni, na moja nje inayoangalia mto. Nilimwonyesha swichi, nikamweleza kwamba hii haikatiki ovyo, haina haja ya kuachwa wala kuogopwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni. Kisha akaenda ukutani, akagonga mara mbili, akangoja kidogo, ndipo akawasha.